Mipira 992 juu ya kitambaa cheusi

Mwaka 2014, macho ya watu yakiwa Brazil kwa ajili ya Kombe la Dunia, mpiga picha mmoja Mwingereza alitoa picha nne za mipira. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni anga la usiku: viduara vyeupe, vya njano, vya kijani, vyekundu, vikubwa kwa vidogo, vinaelea gizani kama sayari. Ukisogea ndipo unaona mshono uliofumuka, ngozi iliyobabuka, mpira uliobonyea kama embe lililokanyagwa. Yote iliokotwa baharini na ufukweni. Mradi unaitwa PENALTY, na mpiga picha ni Mandy Barker.

Nimeichagua kazi hii kwa sababu mbili. Kwanza ni kazi ya studio. Picha za taka tulizozizoea ni za dampo, za mto uliojaa chupa, za ng'ombe anayetafuna mfuko, na zote hupigwa palepale taka zilipo. Barker anaigeuza: taka anaitoa ilipo, anaiingiza ndani, anaiwashia taa. Pili, nilijaribu kumwiga. Mimi nina studio ndogo Magomeni, Dar es Salaam, kazi zangu ni pasipoti, mahafali na harusi moja moja, na nilipojaribu niliharibu vizuri tu. Kuharibu huko ndiko kulikonifanya nirudi kuzitazama picha zake upya, safari hii kama fundi.

Mipira ilivyofika studio

Mipira ile hakuiokota yeye. Alitangaza kwenye mitandao ya kijamii kwamba mtu akikuta mpira uliotupwa na bahari, amtumie. Kwa miezi minne waliitikia watu 89. Hesabu ilipofungwa kulikuwa na mipira 992, kati yake 769 ya miguu na 223 ya michezo mingine, kutoka fukwe 144 za nchi na visiwa 41. Picha ya kwanza imebeba mipira ya dunia nzima. Ya pili ni ya Ulaya, ya tatu ya Uingereza, ya nne ni ya mtu mmoja: mipira aliyoiokota mkusanyaji mmoja peke yake.

Hiyo ya nne ndiyo inayonirudisha kila mara. Ukizipanga zote nne ni kama mtu anakusogelea hatua kwa hatua. Dunia ni pana, utasema hayo ni ya wengine. Ulaya, labda ni ya matajiri. Nchi moja, bado una pa kujificha. Kisha mtu mmoja, na mikono yake miwili, na fremu bado imejaa.

Tazama pia alivyochagua kitu cha kuomba. Angeomba plastiki yoyote angezikwa hai. Aliomba mpira. Mpira hauhitaji mkalimani, na hakuna anayeuita uchafu. Kila mtu ana wake uliopotelea juu ya paa la jirani au uliochukuliwa na maji huku wenzake wakimlaumu. Sisi tuliocheza chandimu kwa mifuko ya rambo iliyosokotwa na kufungwa kamba tunajua mpira wa dukani ulikuwa na heshima gani. (Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Juni 1, 2019, watoto wa mtaani kwetu wamehamia kwenye soksi kuukuu. Wanasema haudundi vizuri.) Kwa hiyo anayeitazama picha ya Barker anaanza kwa kusikitikia mpira, na lawama inamfika baadaye, akiwa ameshaingia.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa kampeni hulipita. Wale watu 89 walikuwa wakitembea ufukweni wakiwa wameinamisha macho. Anayetafuta mpira kwa namna hiyo atauona mpira, na ataona pia miswaki, vizibo, mirija, kamba za nyavu na viberiti vya gesi. Hakuna aliyewahubiria. Sehemu kubwa ya uhamasishaji ilikuwa imekwisha kabla kamera haijafunguliwa, na picha ikaja kama risiti ya kazi iliyofanyika. Mtu akiniuliza mradi wa namna hii uanzie wapi, sitamwambia kamera. Nitamwambia tangazo.

Hesabu yake ina mipaka, na ni haki kuisema. Inaonyesha wapi palikuwa na watu waliokuwa tayari kuokota na kutuma. Haionyeshi wapi mipira ni mingi. Ufukwe usio na mtu wa kuinama hauingii kwenye orodha hata kama taka zake zinafika magotini.

Kitambaa cheusi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Barker alikulia jirani na pwani ya mashariki ya Uingereza, na kazi iliyomtambulisha kabla ya mipira ni mfululizo uitwao SOUP, yaani supu: plastiki inayoelea na kuchemka baharini, hasa Kaskazini mwa Pasifiki ambako mikondo ya maji huikusanya. Namna anavyoijenga supu hiyo ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Vitu hulazwa juu ya kitambaa cheusi na kupigwa kwa mafungu kulingana na ukubwa, vidogo kwanza, vikubwa mwisho. Baadaye mafungu hupandanishwa kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka. Vidogo vinaonekana viko mbali, vikubwa viko karibu, na katikati yake jicho linajitengenezea kina cha bahari. Hakuna tone la maji, wala samaki. Ni kitambaa na subira.

Kwa nini cheusi? Weupe huleta duka. Kitu cha plastiki juu ya karatasi nyeupe kinafanana na tangazo la bidhaa, unatafuta bei. Weusi hauna sakafu wala ukuta, kitu hakijalala popote, hakina nyumbani. Ila si kila kitambaa cheusi kinafaa. Kile cha kawaida ukikimulika kinageuka kijivu, mikunjo yote inajitokeza kama shuka la asubuhi. Velveti hunywa mwanga, lakini nayo hushika kila chembe. Chembe moja ya mchanga juu ya velveti, taa ikiipiga, inang'aa kama nyota. Siku ya kwanza nilimaliza gundi ya karatasi roli mbili nikibandua mchanga, nikaishia kuuacha. Bahari gani haina mchanga.

Taa nayo ni darasa. Flashi ya mbele kwa mbele, ile tunayoitumia kwa pasipoti, inakisawazisha kitu kama chapati. Kinachohitajika ni taa ya ubavuni, chini kabisa, karibu igusane na meza, ili kila mkwaruzo uwe na kivuli chake. Mpira uliokaa baharini umechorwa na jua, chumvi na meno ya viumbe, na taa ya ubavuni ndiyo inayoisoma hiyo michoro.

Linganisha na Benjamin Von Wong wa Kanada, ambaye mwaka 2016 alikopa chupa 10,000 za plastiki kutoka kituo cha kushughulikia taka, akazitandaza ndani ya bohari huko Montreal, akamlaza katikati mwanamitindo aliyevaa mkia wa nguva, akapiga kutoka juu. Hesabu yake ni kwamba Mmarekani wa kawaida hutumia chupa 167 kwa mwaka, na kwa miaka 60 zinafika 10,000. Akili kubwa, na picha zinavutia kweli. Lakini mimi macho yangu yanakwenda kwa nguva, nikirudi kwenye chupa nimekwishachoka. Barker hajaweka mtu hata mmoja. Huna uso wa kukimbilia.

Jina la khanga

Uzuri ndio mtego wa Barker, naye halifichi hilo: anataka uvutwe kwanza na rangi, kisha ugundue unatazama nini. Swali ni ugunduzi huo unatokea wapi. Nilikuwa nikidhani unatokea ndani ya picha. Sasa naamini unatokea chini yake, kwenye maandishi.

Kila picha ya SOUP ina maelezo yaliyoandikwa kama orodha ya viungo vya mapishi. Picha moja inaitwa "500+". Ukiitazama bila kusoma unaona vipande vya rangi vimetawanyika vizuri. Ukisoma unaambiwa kwamba vipande hivyo, zaidi ya 500, vilikutwa kwenye mfumo wa kumeng'enya chakula wa kifaranga wa albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, aliyekufa Kaskazini mwa Pasifiki. Nyingine inaitwa "Refused", yaani vilivyokataliwa: plastiki zilizotafunwa na wanyama wakajaribu kuzimeza, pamoja na tyubu ya dawa ya meno. Baadaye alifanya mfululizo kutokana na taka za zaidi ya fukwe 30 za Hong Kong, na namba 1826 aliyoiweka kwenye jina ni tani za plastiki zilizokuwa zikitupwa dampo huko kila siku wakati huo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu na khanga zake. Khanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo na mji ndivyo vinavyokuita dukani, lakini ugomvi wote wa mtaani huletwa na jina. Mke mwenza havai mji, anavaa jina. Khanga isiyo na jina ni kitambaa kizuri tu, ndiyo maana ile isiyo nalo tunaiita kitenge na hakuna anayekasirika.

Studio inakinyang'anya kitu mahali pake. Kile kipande cha plastiki kilikuwa na ufukwe, kilikuwa na siku, kilikuwa na mdomo wa mnyama. Ukishakilaza juu ya velveti, vyote hivyo vimekwenda. Barker anavirudisha kwa maandishi: wangapi, wapi, tumboni mwa nani. Mipira 992 bila fukwe 144 ingekuwa pambo la ukutani.

Najua, kwa sababu nimetengeneza pambo hilo.

Magomeni

Ilikuwa baada ya masika. Nilienda asubuhi mbili, maji yakiwa yamekupwa, upande wa daraja la Salenda ambako Mto Msimbazi unamwaga baharini. Mvua ikinyesha Dar, mto ule unapita nyuma ya nyumba za watu wengi na kubeba kila walichokitupa. Nikarudi na kiroba kimoja na nusu: ndala, vizibo, vijiko, kalamu, mwanasesere asiye na kichwa, vichupa vya mafuta ya nywele, rasta, zile nywele za dukani za kusukia, nyingi sana zilizosokotana na mwani.

Kosa la kwanza nililifanya kwenye beseni. Nilivisugua kwa sabuni ya unga na brashi mpaka vikang'aa. Yale magamba madogo meupe yaliyoganda kwenye ndala, ule ukungu wa kijani kwenye vizibo, vyote nikavipeleka na maji machafu. Kosa la pili, nilichanganya kila kitu kwenye fremu moja kwa kuwa rangi zilipendeza zikikaa pamoja. La tatu sikuliona kuwa kosa: sikuandika popote nini nimekiokota wapi.

Picha ilitoka nzuri. Nikaichapa kubwa, nikaibandika kwenye kioo cha mbele. Mzee mmoja aliyekuja kumpiga binti yake picha ya mahafali akaitazama, akaniuliza kama siku hizi nauza na vyombo. Dada mwenye saluni ya jirani akasimama mbele yake muda mrefu, nikajua sasa imefika.

"Kaka, hii nichapishie kubwa zaidi nikaweke kwangu. Imekaa kama kitenge."

Niliirudisha ndani jioni ile.

Nilipoanza upya nilichukua kitu kimoja. Nilichagua rasta, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikininasa miguuni kila nikitembea pale, na kwa sababu watu hawazihesabu kama plastiki. Ni nywele, wanasema. Nyingi ni nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ndugu wa chupa na mfuko, na katazo la mwaka 2019 lilihusu mifuko ya kubebea, halikuzigusa. Nilienda na daftari. Kila fungu nililoliokota nililiandikia siku, mahali, rangi na kilichokuwa kimesokotana nalo. Safari hii sikuosha. Nilikung'uta mchanga, nikaacha mwani ukaukie hapohapo.

Kisha velveti ikanigomea. Rasta nyingi ni nyeusi, na nyeusi juu ya nyeusi haipo. Nikashusha taa ya ubavuni mpaka ikagusa meza, nikapata nyuzi mbili tatu zinazometa na giza tupu. Nikasogeza taa, nikaongeza nyingine nyuma, bado. Hapo nilikaa chini nikacheka, maana nilikuwa nimeshika kitambaa cha mtu bila kuuliza yeye alikuwa anapiga nini. Mipira yake ina rangi. Weusi wake uliifaa mipira hiyo.

Nyuma yangu ukutani kilikuwa kinaning'inia kitambaa cha bluu, kile cha pasipoti. Nikakishusha.

Fungu moja moja, katikati ya bluu, pale ambapo kichwa cha mteja hukaa. Flashi ya mbele, ileile ninayoitumia kwa watu, safari hii kwa makusudi. Nilipiga mafungu 36, nikayachapa saizi ya pasipoti, nikayabandika kwenye kioo kwa safu, na chini ya kila moja mstari mmoja kutoka kwenye daftari. "Salenda, asubuhi, maji yamekupwa. Imesokotana na mwani na mrija." "Salenda, chini ya daraja. Imefunga kizibo cha chupa." Ukipita haraka unaona kioo cha studio kama kioo chochote, watu 36 wanaosubiri kuja kuchukua picha zao. Ukisimama, hakuna sura.

Yule dada wa saluni alikuja siku ya pili yake. Hakutaja kitenge. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii namba 33," akasema. Akasogeza kidole. "Namba moja, namba moja, namba moja. Hii 27, hii waliipenda sana kipindi fulani, sasa hivi hawaichukui." Alikuwa anazisoma kwa namba za rangi za dukani, kama mtu anavyosoma majina kwenye ubao wa matokeo. Mimi nilikuwa nimeandika kahawia, nyeusi, dhahabu. Kisha akasimama kwenye picha moja ya safu ya tatu.

"Njoo uone. Ncha hii imechomwa."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba ukimaliza kusuka unafunga ncha kwa maji ya moto au unazipitishia kiberiti, na kwa kiberiti zinayeyuka kidogo na kugandana, zinakuwa na kidonge kigumu. Nywele ya mtu haifanyi hivyo, inaungua tu na kunuka. Kwenye picha yangu, kwa taa ya flashi, kidonge kile kilikuwa kinaonekana wazi, na mimi niliyeipiga sikuwa nimekiona. Ina maana rasta ile haikudondoka kwenye pakiti. Ilikaa kichwani mwa mtu, ikafumuliwa, ikafagiliwa.

Akarudi kwenye maandishi. Akasoma "Salenda" mara mbili tatu.

"Huu mtaro wetu unaishia wapi?"

Nikamwambia unaingia Msimbazi. Msimbazi unaingia baharini pale.

"Na mimi jioni nasukumia humohumo na fagio," akasema, akaenda kwa wateja wake.

Nikiupima mradi wangu kwa kipimo cha Barker, bado ni mdogo mno: ufukwe mmoja, muokotaji mmoja, mtazamaji mmoja aliyesoma mpaka mwisho. Sina watu 89. Ninachoweza kusema ni kwamba picha ya kwanza ilikuwa bora kwa macho na haikumsumbua mtu, na ya pili ni pasipoti zisizo na sura, zimepigwa kwa taa mbaya, na zilimfanya mtu aulize mtaro unaishia wapi. Tofauti ya kati yao ni daftari la shilingi chache na kitu kimoja badala ya ishirini. Tena jicho la kusoma picha zile alikuwa nalo msusi. Mimi nilileta kamera tu. Nikirudia, nitamwita kabla ya kupiga, kama Barker alivyowaita watu wake kabla ya kugusa kamera, na rangi nitaziandika kwa namba anazozijua.

Jumamosi iliyofuata kijana wa saluni aliniletea kiroba, kimefungwa mdomo kwa rasta yenyewe. Ndani nywele za wiki nzima, zimefumuliwa, zimefagiliwa, zina unga wa mba na pini mbili tatu. Juu yake kikaratasi kimebandikwa: "1 nyingi. 33. 30 kidogo. 27 moja."

"Dada kasema uzipige kabla hazijaenda."

Nimezipiga. Kiroba kipo chini ya meza ya kompyuta mpaka leo, na Jumamosi hii ameniletea kingine.